Kutoka Runingani hadi Kitabuni: Mfano wa Doctor Who

Wanafunzi wanapoulizwa tofauti kati ya tamthilia ya runinga na riwaya iliyotokana nayo, wengi hujibu kwamba kitabu ni hadithi ile ile iliyoandikwa. Katika makala haya mafupi tunakusudia kuonyesha kwamba jibu hilo halitoshi. Mfano wetu ni Doctor Who, tamthilia ya Uingereza kuhusu msafiri wa nyakati na sayari, ambayo BBC ilianza kuionyesha tarehe 23 Novemba 1963.

Riwaya ya kwanza iliandikwa na David Whitaker mwaka 1964, kutokana na kisa cha Terry Nation cha sehemu 7 kuhusu viumbe waitwao Dalek. Whitaker alimkabidhi mhusika mmoja, mwalimu Ian, usimulizi wote katika nafsi ya kwanza. Hapo tunapata mashaka ya moyoni ambayo kamera huyaonyesha usoni tu. Hata hivyo, kuna hasara. Runingani, sehemu ya kwanza inakwisha Barbara akiwa peke yake, akipiga yowe mbele ya kiumbe ambacho sisi tunaona mkono wake tu. Kitabuni tukio hilo haliwezi kusimuliwa hivyo, kwa sababu Ian hayupo. Uchaguzi wa nafsi umeiua taharuki.

Malcolm Hulke alifaulu zaidi. Mwaka 1974 aligeuza mchezo wake mwenyewe wa 1970, kuhusu viumbe wa jamii ya mijusi walioitawala dunia kabla ya binadamu, ukawa riwaya. Runingani viumbe hao hawana majina. Mwingine ni mzee tu, mwingine kijana. Kitabuni wana majina, na riwaya inafunguliwa na mzee wao, Okdel, kabla hawajalala usingizi wao mrefu chini ya ardhi. Kwa hiyo binadamu wanapokuja baadaye, msomaji anajua tayari nani alikuwa mwenyeji. Maudhui ni yale yale, bali mtazamo umegeuka.

Terrance Dicks, aliyeandika zaidi ya riwaya 60 za mfululizo huu, mara nyingi alifuata dayalojia hatua kwa hatua. Lugha yake ni nyepesi na safi, lakini katika baadhi ya vitabu hivyo tunapata mifupa bila nyama.

Ikumbukwe kwamba BBC ilifuta kanda nyingi za miaka ya 1960. Baadhi ya sehemu zilipatikana baadaye, zikiwemo 9 zilizogunduliwa Jos, Nigeria, na kutangazwa mwaka 2013, lakini nyingine nyingi hazijaonekana tena. Kwa visa hivyo, kitabu kilibeba kumbukumbu ambayo picha haikuweza kuitunza. Mwandishi aliyenakili maneno tu alihifadhi mazungumzo. Aliyesimulia kwa kweli alihifadhi hadithi.

Kwa maoni yetu, riwaya ya namna hii ipimwe kama tafsiri: si kwa wingi wa yaliyobaki, bali kwa yale ambayo lugha imeyafanya mahali pa picha. Walimu wanaweza kulijaribu hili darasani. Wanafunzi watazame tukio moja la tamthilia yoyote ya Kiswahili, kisha walisimulie mara mbili, kwa nafsi ya kwanza na ya tatu. Wataona wenyewe kilichopotea na kilichozaliwa.