Namna ya Kuipima Prosesa Kuukuu

Juzi nilisikia ikisifiwa, mbele ya watu wenye akili zao, kompyuta ya nyumbani iliyotiwa Pentium 4 ya gigahezi 3.8, ati kwa kuwa nambari hiyo yaipita 2.4 ya Core 2 Quad Q6600, na ghadhabu iliyonipata ndiyo iliyonishikisha kalamu. Prosesa hupimwa kwa kazi itimiayo katika kila pigo la saa yake. Na ile ya mwaka 2004, yenye kiini kimoja na kula wati 115, hupiga mapigo mengi kwa matunda haba, hali ya kuwa mwenzake wa 2007 ana viini vinne na kache ya megabaiti 8.

Walakini hata aliyekwisha kulifahamu hilo aghalabu hulipita jambo adhimu zaidi, nalo ni herufi ndogo zilizochongwa juu ya kifuniko cha chuma. Q6600 zilitoka kwa tabaka mbili, jina moja na kasi moja: SL9UM ya awali, ya wati 105, na SLACR iliyofuata mwaka uleule, ya wati 95. Ndani ya kasha jembamba la ofisini, lenye feni dhaifu, wati kumi hizo ndizo ziamuazo iwapo mashine itafanya kazi kimya au itavuma mchana kutwa. Fundi mmoja wa Mombasa, ambaye kwake nilijifunza sanaa hii, hakutaja bei kabla hajaifuta grisi yote kwa kitambaa chenye spiriti na kuigeuzageuza prosesa penye mwanga wa dirisha hata herufi zikadhihiri. Na mwenye madabodi ya kapasita zilizovimba alimrudisha nyumbani na fedha zake. Mafundi wa namna hiyo wamekuwa adimu.

Wahadaa nao ni wa tangu zamani: katika miaka ya 1990 walizifuta Pentium alama zake, wakazichapa nambari ya juu, wakazitoza thamani ya nambari hiyo. Kifuniko kilichopigwa msasa huwa na mikwaruzo ya mwelekeo mmoja. Tena programu ya CPU-Z ikikuonyesha B3, iliyo alama ya tabaka la SL9UM, badala ya G0 ya SLACR, chini ya chuma kilichoandikwa SLACR, umeuziwa ghushi.

Viwanda vimekwisha kuacha kuzitengeneza, na zilizobaki sokoni hung'olewa katika kompyuta za maofisi. Kwa hiyo prosesa njema hununuliwa ingali mahali pake, mashine ikiwaka, wala si katika mfuko wa plastiki. Na kabla ya kulipa, soma orodha ya prosesa zikubaliwazo na madabodi yako, maana soketi ya LGA 775 huipokea Q6600 hata pale ambapo madabodi haikuandaliwa basi ya megahezi 1066.