Mangelepa wanarudilia Mangelepa: kurudilia wimbo ni kuishiwa?

Kuko neno moja yenye tunapenda kusema mbio wakati orkestra ya zamani inarudi studio na kurekodi tena nyimbo zake: «Wameishiwa.» Mama wa sokoni anapika sombe ileile kila siku ya Mungu, na hakuna mwenye anamwambia ameishiwa. Tunamwambia tu: leo imetoka vizuri, ao leo haikutoka. Mwanamuziki naye anastahili hukumu ya namna ile. Tuonje kwanza, kisha tuseme.

Wandugu, nataka tuonje pamoja albamu moja ya mwaka 2017: Last Band Standing, ya Orchestra Les Mangelepa. Jina hilo ni kama kusema «orkestra ya mwisho yenye ingali imesimama». Ndani yake wazee wanarudilia nyimbo zao za miaka ya 1970, kama vile Nyako Konya na Embakasi. Ilitoka kwa lebo ya kujitegemea yenye inaitwa Strut. Nimeisikiliza sana, nikaiweka pembeni ya zile za zamani, na nimefikia wazo moja: kurudilia wimbo kuna maana pale tu wimbo wa pili unafanya kazi yenye wa kwanza haukuweza kufanya. Kama hakuna kazi mpya, ni kivuli tu. Mangelepa, kwa sehemu kubwa, wameifanya ile kazi. Kwa sehemu ingine, hapana.

Kwanza, hawa ni nani? Ninauliza kwa sababu nilipotaja jina lao kwa wenzangu wa promosyo, wengi waliniangalia kama vile nimetaja aina ya mbegu.

Mangelepa ni watu wa kwetu. Mwaka 1976, kule Nairobi, wanamuziki wa Congo, wakati ule Zaïre, walitoka katika orkestra ya Baba Gaston na kujifanyia yao. Kati yao kulikuwa Bwamy Walumona na Kabila Kabanze, mwenye watu wanamwita Evany. Baba Gaston mwenyewe alianzia hapa Lubumbashi na alipitia Tanzania mbele ya kufika Kenya. Na hawakuwa peke yao kwa ile njia. Orchestra Maquis ilitoka Lubumbashi na kuhamia Dar es Salaam mwaka 1972. Super Mazembe ilipitia Zambia mpaka Nairobi. Samba Mapangala, mtoto wa Matadi, alipitia Uganda, kisha akaanzisha Virunga kule kule Nairobi. Sisi wa mashariki na wa kusini tunajifunza historia ya mizike yetu kama vile yote ilipita Kinshasa. Kumbe nusu yake ilipita mpaka wa mashariki, na iliimbwa kwa Kiswahili na Lingala pamoja.

Sasa tuingie ndani ya nyimbo.

Wakati ule nyimbo nyingi zilitoka kwa disiki ndogo ya 45. Upande mmoja wa ile disiki unabeba kama dakika 4 ao 5, si zaidi. Lakini rumba yetu iko na mwendo wake: inaanza na maneno, polepole, watu wanasikiliza habari, kisha inafunguka, gitare zinashika, sebene inaanza, watu wanasimama. Mwendo ule hauingii ndani ya dakika 4. Basi walifanya nini? Waliukata wimbo mara mbili. Upande wa kwanza maneno, upande wa pili sebene. Mtu mwenye alikuwa nyumbani alipaswa kusimama, kugeuza disiki, na kurudisha sindano. Pale katikati moto ulipoa. Ni kama kumpa mtu bukari, umwambie angojee mboga mpaka kesho.

Hii njo kazi ya kwanza yenye rekodi mpya inafanya. Wimbo unatoka kwa maneno na kuingia sebene bila mtu kugeuza kitu, saksofoni na tarumbeta zikiwa na nafasi ya kupumua. Ni vile walikuwa wanapiga usiku mbele ya watu. Tunasema rekodi ya zamani njo «ya kweli», na ile mpya ni «nakala». Mimi naona kinyume kidogo: disiki ya 45 ilikuwa kifupisho cha kitu chenye watu wa baa peke yao walikipata kizima. Wazee hawakurudi kukopia disiki. Walirudi kwa kile chenye disiki ilikuwa imekata.

Kazi ya pili ni ya sikio. Gitare za rumba zinazungumza kwa zamu: ya sauti ya juu inachokoza, ya katikati inajibu, ya chini inashikilia nyumba isianguke. Kwa rekodi nyingi za zamani zinaingiliana, na usiposikia mara 10 hautajua nani anasema nini. Hapa unaweza kufuata gitare moja kutoka mwanzo mpaka mwisho. Kijana mwenye anajifunza kupiga ana darasa la bure.

Lakini ule usafi uko na bei yake, na nitaisema wazi. Kuko fasi zenye studio imesafisha kupita kiasi. Kwa agronomi tunajua shamba lenye limepaliliwa mpaka hakuna hata jani moja chini: linapendeza kwa macho, lakini mvua ya kwanza inabeba udongo wote wa juu. Rekodi za 1970 ziko na kelele, ziko na sauti ya chumba, unasikia kabisa kwamba watu wako karibu karibu na jasho linatoka. Ule uchafu njo udongo wa juu. Kwa albamu ya 2017 umepungua. Kama unataka moto, rudia ya zamani. Kama unataka kuelewa namna gani moto uliwashwa, chukua hii.

Kazi ya tatu inahusu sauti za watu, na kwangu njo kubwa kuliko zote. Nyako Konya ni jina la Kijaluo, maana yake ni kama «msichana, nisaidie». Fikirini kidogo: vijana wa Congo, wageni Nairobi, wanatoa wimbo wenye jina la lugha ya wenyeji kwa sababu wale njo watanunua disiki na kujaza baa. Kijana wa mwaka wa 1976 akimwambia msichana «nisaidie», tunasikia njaa ya mapenzi, labda na njaa ya kweli. Mzee akirudilia neno lilelile miaka 40 nyuma, sauti imeshuka, pumzi ni fupi, na neno halisemi tena kitu kilekile. Haombi tena. Anakumbuka kwamba aliomba.

Na Embakasi? Ni ile fasi ya Nairobi yenye ndege zinaruka na kushuka. Kwa kijana mgeni, jina la pale ni jina la kwenda na kurudi. Lakini hawa wazee hawakurudi. Walibaki Nairobi, walizeeka pale, wengine wao walikufa mbele ya albamu kutoka, na vijana wenyeji wakachukua nafasi. Ukisikia jina lile likiimbwa na mtu mwenye alikaa ugenini miaka 40, utaelewa kwamba maneno hayakubadilika hata moja, miaka njo ilibadilika. Hakuna teknolojia ya studio yenye inaweza kutengeneza kitu kile. Kinangojewa tu. Kwa hiyo mwenye kusema «sauti si ile ya zamani» anasema kweli, lakini anaihesabu kama hasara kitu chenye ni faida.

Mzee Wendo Kolosoy alifanya vilevile na Marie-Louise. Aliutoa mwaka 1948 akiwa kijana, akaurudilia miaka ya 1990 akiwa mzee mwenye nchi ilikuwa imemsahau. Na Mwenda Jean Bosco wa Bunkeya, wenye Masanga yake ilirekodiwa mara ya kwanza mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, aliipiga tena na tena mpaka kufa kwake mwaka 1990. Hakuna mtu wa akili mwenye atasema Mwenda aliishiwa. Alikuwa anachimba shimo moja, kila mara chini zaidi.

Kuko sababu ingine ya kurudilia, na hii inahusu mfuko. Wimbo mmoja uko na haki mbili. Kuko haki ya mtunzi: maneno na sauti yenye ilitoka kichwani mwake. Na kuko haki ya ile rekodi yenyewe, mkanda wa mama wenye kopi zote zinatoka ndani yake. Mara nyingi mkanda ule ni wa mwenye alilipa studio. Mwanamuziki anaweza kuwa mtunzi, sauti ni yake, vidole ni vyake, na rekodi si yake. Mtu akiitumia kwa filamu ao kwa tangazo, mwenye mkanda njo anapigiwa simu.

Wote tunajua mfano wa Taylor Swift wa Marekani. Mwaka 2019 lebo yake ya zamani iliuzwa pamoja na rekodi za albamu zake 6 za kwanza. Kuanzia 2021 mpaka 2023 alirudilia albamu 4, akijitahidi zifanane kabisa na zile za kwanza, ili watu waache kutumia za zamani. Mwaka 2025 alinunua hata zile za kwanza. Yeye alikuwa na pesa na mawakili. Orkestra ya kujitegemea haina mawakili. Iko tu na vidole vyake na ukumbusho wake. Kwa hiyo kurudilia njo njia yake ya kuwa tena na kitu mkononi. Mkulima mwenye aliuza mavuno yote pamoja na mbegu anajua habari hii: msimu wenye kufuata anakuwa mteja ndani ya shamba lake mwenyewe.

Lakini tusikosee. Mwenye kurudilia kwa sababu ya haki peke yake atatoa kopi. Swift alitaka kopi, na alikuwa na sababu yake. Kwa msikilizaji, kopi haina chakula kingi. Nguvu ya Mangelepa ni kwamba hawakuweza kukopia hata kama wangetaka: watu si wale, miaka si ile. Ulemavu wao njo uliwaokoa.

Sasa makosa. La kwanza: walichagua nyimbo zenye zilikuwa zinajulikana tayari. Naelewa, lebo inataka kuuza. Lakini wimbo wenye ulipendwa hauko hatarini. Ule wenye ulitoka mara moja na kupotea njo ulikuwa na haja ya kurudiliwa. Ningefurahi kuona hata 2 ao 3 za namna hiyo. La pili: albamu inazungumza na msikilizaji wa Ulaya kuliko sisi. Jina ni la Kiingereza, na habari ya orkestra inaelezwa kama hadithi ya Kenya, Congo ikiwa mlango wa kuingilia tu. Wale watu wanaimba Kiswahili chenye mama yangu anaelewa bila mtu wa kumtafsiria, na bado albamu haijafika kwake. La tatu si kosa lao peke yao: rekodi mpya ikikaa mbele kwa simu zetu, mtoto wa leo atafikiri njo ya kwanza. Mpya isimeze ya zamani. Zote mbili zikae, na kila moja ibebe mwaka wake.

Kwa nini ninawaletea haya yote hapa, penye tunazungumza zaidi juu ya kazi na masomo? Kwa sababu kati yetu kuko wenye wana orkestra, wana korali, wana rap. Mutaletewa kontrati. Congo iko na sheria ya haki za mtunzi, ordonanse-sheria namba 86-033 ya tarehe 5 Aprili 1986, na iko na SOCODA kwa kukusanya zile haki. Muisome mbele ya kusaini. Muulize swali moja tu: mkanda wa mama utakuwa wa nani? Na kama kontrati inawakataza kurudilia wimbo wenu wenyewe, ni miaka mingapi? Msomi mwenye anasaini bila kusoma, diploma yake inamsaidia nini?

Na sisi wengine, wasikilizaji, tuko na kazi ndogo. Wakati mwingine orkestra ya zamani ikitoa wimbo wake tena, sikiliza zote mbili siku moja, ile ya kwanza mbele. Jiulize: ya pili imefanya nini chenye ya kwanza haikuweza? Ukikosa jibu, basi sema wameishiwa, na nitakuunga mkono. Na kama nyumbani kwa baba mkubwa ao kwa babu kungali disiki za 45, msizitupe juu hakuna tena mashine ya kuzipiga. Piga foto ya ile karatasi ya katikati, andika jina la wimbo, la mtunzi na la lebo. Siku moja mzee mmoja atataka kurudilia wimbo wake, na ile karatasi njo itasema ulikuwa wa nani.