Mtoro na Mkombozi: Siasa katika Vitabu vya Watoto wa Pwani

Ni desturi ya baadhi yetu, tunapoizungumzia fasihi ya watoto, kuitaja kana kwamba ni bustani iliyozungushiwa ua, ambamo siasa haiingii ila kwa wizi. Makala haya yanadai kinyume. Itikadi haiingii katika kitabu cha mtoto kama mgeni. Imo humo tangu sentensi ya kwanza. Tena mara nyingi haikai katika hotuba za wahusika, bali katika msamiati na katika kitenzi: nani ametenda, na nani ametendwa. Tutalichunguza dai hili kwa kuisimamisha fasihi hiyo mbele ya historia ya mahali pamoja, yaani Jilore.

Jilore iko upande wa kusini wa mto Sabaki, magharibi ya Malindi. Katika karne ya 19 mashamba ya nafaka ya Malindi yalilimwa kwa jasho la watumwa, na wengi wao walitoroka. Walikimbilia bara wakajenga makazi yao wenyewe; Makongeni na Fuladoyo ni majina mawili yanayokumbukwa. Wamisionari wa CMS walifungua kituo chao Jilore mwaka 1890. Waingereza walitangaza himaya yao mwaka 1895, lakini hadhi ya kisheria ya utumwa haikufutwa katika pwani ya Kenya mpaka mwaka 1907, na waliolipwa fidia walikuwa mabwana, si watumwa. Kwa hiyo watoro wa bonde la Sabaki walikuwa wamekwisha kujikomboa miaka mingi kabla sheria haijawakomboa.

Tuweke kando ya ukweli huo kitabu cha James Mbotela, Uhuru wa Watumwa, kilichochapishwa na Sheldon Press ya London mwaka 1934 na kusomwa shuleni na vizazi kadhaa. Mbotela alitoka katika jamii ya Frere Town karibu na Mombasa, makazi ya watumwa waliookolewa yaliyoanzishwa na CMS katika miaka ya 1870. Katika masimulizi yake Mwafrika hutekwa, huuzwa, kisha huokolewa. Mwingereza ndiye aokoaye. Uhuru wenyewe ni kitu kilichotolewa na mkono mmoja na kupokelewa na mwingine. Mtoto anayefunga kitabu hicho amejifunza shukrani, na hakuna kinachomsukuma kuuliza kwa nini mkombozi alikawia miaka 12 baada ya kuitwaa nchi.

Itakuwa dhuluma kumbeza Mbotela kwa hili. Alisimulia yaliyoifika jamii yake, na shukrani ya watu waliookolewa baharini ni haki yao. Lawama inawahusu walioichukua shukrani ya jamii moja wakaifanya kuwa historia ya watoto wote. Mtoto wa Frere Town aliweza kusema kwamba wazee wake waliokolewa. Mtoto wa Jilore, ambaye pengine babu yake alivuka msitu kwa miguu yake mwenyewe, alifundishwa kusema vivyo hivyo.

Hapa ndipo neno mtoro linapostahili kuangaliwa. Kwa mwanafunzi wa leo mtoro ni yule aliyekwepa darasa, na jina lake huitwa ili aadhibiwe. Ni neno la bwana: linamtazama mtu kutoka mahali alipoondoka, wala halisemi kitu juu ya mahali alipokwenda wala alichokijenga huko. Tunayo kauli ya kujirejea, kujikomboa, ambayo ingemtosha sana mtu wa Makongeni. Hata hivyo vitabu vyetu vimemwachia jina la kosa, na kitenzi cha ukombozi vimempa mwingine. Hakuna hotuba ya siasa iliyohitajika. Sarufi ilitosha.

Baada ya uhuru wa mwaka 1963 tulitarajia mambo yageuke, na kwa sehemu yamegeuka. Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kumpinga Mwingereza, sasa ni shujaa wa vitabu vya watoto. Lakini ni Mekatilili yupi? Kisa kinachopendwa na walimu ni kile cha kuku na vifaranga: Mekatilili anamwambia mkoloni amguse kifaranga mmoja, naye anadonolewa na mama kuku. Nilikisikia kisa hicho kwa nyanya kabla sijakisoma. Kwa nyanya vifaranga walikuwa na maana: walikuwa vijana waliodaiwa na serikali wakafanye kazi mbali na kwao. Katika masimulizi mengi ya darasani maana hiyo imekatwa. Imebaki hasira ya mwanamke na kidole kinachouma, na watoto hucheka.

Yaliyokatwa si madogo. Mwaka 1913 watu walikula viapo Kaya Fungo kwa sababu ya kodi, kazi ya kulazimishwa na ardhi. Mekatilili na Wanje wa Mwadorikola walikamatwa, wakapelekwa Kisii, nao wakatoroka mwezi wa Januari 1914. Watoro kwa mara nyingine! Mwezi wa Agosti kaya ililipuliwa kwa baruti. Cynthia Brantley, katika utafiti wake wa mwaka 1981, anaeleza masharti ya ushinde: faini ya rupia 100,000, wapagazi 1,000, na kuihama ardhi ya kaskazini ya Sabaki. Mtoto wa Jilore huuona mto huo kila siku. Kitabu kinachomwambia kwamba Mekatilili alipigania uhuru wa taifa, bila kumtajia ng'ambo ya mto, kimemkabidhi shujaa na kumnyima swali la ardhi. Itikadi ya dola imechukua mahali pa itikadi ya mkoloni, na mtoto amebaki kuwa mtu wa kushukuru.

Wapo watakaosema kwamba dawa ni kuzidisha siasa. Hatukubali. Tanzania ya baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 ilitupa maandishi mengi yaliyoimba Ujamaa hadi wahusika wakawa vipaza sauti. Ngũgĩ wa Thiong'o, alipoanza hadithi za Njamba Nene kwa Kigĩkũyũ mwaka 1982, alichagua upande waziwazi. Lakini alimpa mtoto maskini maarifa na matendo, na hapo ndipo penye nguvu ya kazi hiyo. Dorfman na Mattelart, walipomchambua Donald Duck nchini Chile mwaka 1971, walionyesha kwamba hata bata wa kuchekesha ana siasa yake. Kwa hiyo mhakiki hana haja ya kuuliza kama kitabu kina siasa. Na aulize kama siasa hiyo inamwachia mtoto nafasi ya kutenda na kuuliza.

Tunapendekeza kazi mbili kwa idara zetu. Kwanza, wanafunzi wetu wavichambue vitabu vya watoto kwa kuhesabu vitenzi: nani ni mtendaji, na nani ametendwa. Pili, waende Jilore na vijiji vya Sabaki wakaandike visa vya watoro na vya Mekatilili pamoja na maana walizopewa na wasimulizi, kwa Kigiriama na kwa Kiswahili. Wanaokumbuka maana ya vifaranga ni wazee, na idadi yao inapungua kila mwaka.