Nira Haikai Kooni

Mvua za kwanza zikishanyesha Maswa, kabla plau haijagusa udongo, kuna kazi ya asubuhi ambayo mpita njia haitilii maanani. Mzee anamwambia mjukuu amshike maksai wa kushoto, naye anainyanyua nira na kuilaza mbele ya nundu. Hafungi. Anaisogeza kidogo, kiasi cha unene wa kidole, anangoja mnyama atulie, kisha anapitisha kamba chini ya koo na kutia vidole kati ya kamba na ngozi. Visipopita, anafungua na kuanza upya. Upande wa chini wa nira, ule unaolala shingoni, ulikwanguliwa kwa kigae cha chupa mpaka ukawa laini kama mpini wa jembe la zamani. Mguse mzee huyo umwambie akaze zaidi ili nira isicheze, atakuonyesha koo la maksai bila kusema neno. Koo ni la kupumulia. Mzigo husukumwa na bega. Kamba ya chini ipo ili nira isiruke tu.

Nilikua nikiyaona hayo, na sikudhani ningeyakuta tena ndani ya gari. Lakini nilikaa mchana mzima katika gereji moja Arusha nikimtazama fundi akifunga mkanda wa mbio kwenye Starlet ya milango mitatu, na kila alichofanya nilikuwa nakijua.

Mkanda wenyewe una ncha sita: mbili za mabegani, mbili za nyongani, mbili za katikati ya mapaja, zote zikikutana kwenye kifungio kimoja tumboni. Ningekuwa mimi ningeanza na bolti. Yeye alianza na mtu. Alimkalisha dereva kwenye kiti akiwa amevaa nguo zake zote za mbio, akamwambia, "Kaka, kaa unavyokaa barabarani, usinikalie kama uko studio," kisha akachukua chaki na kuweka alama nyuma ya kiti, usawa wa mabega. (Chaki. Sisi wa Maswa, wilaya yenye kiwanda cha chaki, hatuwezi kuiona ikifanya kazi tukanyamaza.)

Alama ile ndiyo iliyoamua kimo cha kufungia lile bomba la chuma linalokatiza gari kutoka ubavu hadi ubavu nyuma ya viti. Katika gari dogo, ukiamua kuipeleka mikanda ya mabega mpaka kwenye matundu ya mikanda ya abiria wa nyuma, itashuka mno. Gari likigonga, dereva anarushwa mbele, mkanda unamvuta nyuma na chini kwa pamoja, na kinachobanwa katikati ni uti wa mgongo. Kanuni za FIA, shirikisho la kimataifa la magari, zinakataza mikanda hiyo kuinama zaidi ya nyuzi 45 kutoka usawa, na zinashauri isizidi 10. Bomba linaisogeza sehemu ya kufungia mpaka karibu kabisa na mgongo wa kiti, na hapo kuna faida ya pili: utepe mfupi hunyumbuka kidogo kuliko mrefu.

Fundi aliuzungusha utepe kwenye bomba, akaurudisha kwenye kile kibati chenye nafasi mbili, akaupitisha tena juu yake mwenyewe ili ujibane. Akavuta. Hakuridhika. Utepe ulikuwa umejikunja mahali fulani, mkunjo mdogo ambao mimi nisingeuona, akautoa wote na kuupitisha upya. Mara tatu. Gharama ya uvumilivu wa namna hiyo haiandikwi kwenye risiti, na wateja wengi huilalamikia.

Kwenye sakafu alitoboa matundu ya mikanda ya nyonga. Bati la gari ni jembamba. Bolti peke yake ingelichana. Kwa hiyo chini yake huwekwa kipande cha chuma cha kuegemea, kisichopungua milimita 3 kwa unene na sentimita 40 za mraba kwa eneo, ili mvuto usambae. Jicho la mkanda aliligeuza lielekee kule mkanda utakakovutwa, lisije likapinda siku ya ajali.

Kisha ikaja sehemu niliyoipenda kuliko zote. Dereva alikimbilia kukaza mikanda ya mabega, fundi akamshika mkono. Ya nyonga kwanza. Ukianza na mabega, kifungio kinapanda, mkanda wa nyonga unahama kutoka kwenye mfupa na kukaa juu ya tumbo, na tumbo halina cha kuzuia gari zima. Alimwambia atoe pumzi, akabana chini, akatia vidole kuupima mfupa, ndipo akamruhusu kuvuta ya juu. Vidole vile vile, namna ile ile.

Watu wa mbio za magari Afrika Mashariki wana historia inayogusana na jambo hili. Joginder Singh alishinda Safari Rally ya mwaka 1965 kwa Volvo PV544. Aina hiyo ya gari ndiyo iliyokuwa ya kwanza kukabidhiwa mteja, Sweden mwaka 1959, ikiwa na mkanda wa pointi tatu aliobuni Nils Bohlin, mhandisi aliyetoka kutengeneza viti vya marubani. Bohlin naye alitafuta mifupa: kifua na nyonga.

Siku hizi naona vijana wakifunga mikanda ya mbio kwenye vigari vya kawaida kwa ajili ya pambo, na bomba lile wanalifunga kwa bolti tu kwenye nguzo za milango, bila kizimba cha chuma juu ya vichwa vyao. Starlet ya Arusha ilikuwa na kizimba. Bila hicho, gari likibinuka na paa kubonyea, aliyefungwa wima mabega yote mawili hana pa kuinamia. Kama yako ni IST ya kutoka Maswa kwenda Bariadi, uache mkanda uliokuja nayo ubaki. Ushushe uwe chini ya tumbo, kwenye mfupa, na uufunge hata unapoenda sokoni Nyalikungu.