Mkono wa Kushoto wa Randy Weston

Mwanzoni mwa albamu ya Uhuru Afrika, iliyorekodiwa New York mwezi Novemba 1960, mtu anasema Kiswahili. Msemaji ni Tuntemeke Sanga, Mtanganyika, na maneno yametungwa na mshairi Langston Hughes. Tanganyika yenyewe ilikuwa imebakiza mwaka na ushei kabla ya kupandisha bendera yake. Mpiga piano Randy Weston, mzaliwa wa Brooklyn, alikuwa amewauliza Waafrika waliokuwa Umoja wa Mataifa ni lugha gani inayofaa kulisemea bara zima, wakamwambia ni Kiswahili.

Mswahili anayetaka kuanza kumsikiliza Weston atadhani jibu ameshalipata. Namwomba aiweke albamu hiyo pembeni kidogo. Humo mna wanamuziki zaidi ya ishirini, na furaha ya kuisikia lugha yako ikitamkwa katikati ya jazi ya Marekani ni kubwa mno. Utaimaliza ukiwa umechangamka, na fundi mwenyewe hujamjua.

Anza na Blues to Africa ya mwaka 1974. Humo yupo yeye na piano, basi. Weston alikuwa na kimo cha kupita mita mbili, na viganja vyake vililingana na kimo hicho. Sikiliza mkono wa kushoto. Unashuka hadi kwenye vibao vya mwisho kabisa, ambavyo wapiga piano wengi huvigusa kwa nadra, unatulia huko na kugonga, kama vumi linavyoshika mwendo wa ngoma huku chapuo ikihangaika juu yake. Nyuzi za upande ule ni ndefu na nene. Zinazokaribiana zikipigwa kwa pamoja, sauti hutibuka kama maji ya kisima kilichokorogwa, na ndiyo maana walimu huwaonya wanafunzi wasizirundike. Weston hakuukimbia mtibuko huo. Aliupima: anagonga, anaacha sauti ivume hadi ikaribie kufa, ndipo mkono wa kulia unapoingia na maneno yake machache. Sijui fundi mwingine wa piano aliyeipa sauti nzito subira ya namna hiyo.

Kunyamaza huko alikusoma kwa mpiga piano Thelonious Monk, ambaye alimwendea nyumbani akiwa bado kijana. Mwaka 1989 alimrudishia shukrani kwa albamu nzima, Portraits of Thelonious Monk. Hiyo iwe ya pili. Tungo ni za mwalimu, lakini ule uzito wa chini ni wa mwanafunzi, na hapo ndipo utajifunza kuwatofautisha. Little Niles ya mwaka 1959 ni nyepesi zaidi. Wimbo unaoipa albamu jina, alioutunga kwa ajili ya mwanawe, una mapigo matatu yanayoyumba vizuri. Isikilize jioni yoyote.

(Wasomaji waliokulia kwenye Western Jazz na Morogoro Jazz wanalijua neno jazi kwa maana ya bendi ya dansi. Wasiogope. Masikio yaliyozoea gitaa la besi la dansi hayatapata taabu kumfuata Weston.)

Sasa rudi kwenye Uhuru Afrika. Tungo zake Uhuru Kwanza na Kucheza Blues ni zile zile ulizozisikia kwenye piano tupu ya mwaka 1974. Aliyezipanga kwa ajili ya kundi kubwa ni Melba Liston, mpiga tromboni, na hapa lazima nimsifu kwa sauti. Alielewa kwamba mali ya Weston iko kushoto. Aliuchukua mkono ule mmoja akaugawa: sehemu kwa besi mbili za George Duvivier na Ron Carter, sehemu kwa ala nzito za kupuliza, sehemu kwa ngoma za Babatunde Olatunji, Candido na Armando Peraza. Asiyeujua mkono ule atasikia kishindo tu. Wewe utakuwa unaujua, na utaona kila kipande chake kilipopelekwa.

Serikali ya makaburu wa Afrika Kusini iliipiga marufuku albamu hiyo mwaka 1964. Wewe hukatazwi na mtu. Ukifika anapoanza kusema Sanga, mara ya kwanza sikiliza maneno. Mara ya pili sikiliza ngoma zilizo chini yake.