Fani ya Kupiga Magoti

Miongoni mwa fani zisizopigiwa ngoma, sioni iliyo na adabu kushinda ile ya kuyatambua maua madogo ya jangwani. Kwani mwenyewe haiwezi kazi yake akiwa wima, bali sharti apige magoti juu ya changarawe na kuinamisha uso hata ukaribiane na ardhi, ndipo ua lililo dogo kuliko ukucha limdhihirishie nasaba yake.

Tazama mmea wa kaf Maryam, uotao tangu Sahara, kupita Misri na Bara Arabu, Omani ikiwamo, mpaka Uajemi na Pakistani, ambao Linnaeus aliuandika mwaka 1753 kwa jina la Anastatica hierochuntica. Aghalabu watu huujua ukiwa umekwisha kufa: kifundo cha vijiti vikavu kiuzwacho na wauza dawa, ambacho kikitiwa majini hukunjuka, na ambacho maji yake, kwa ada ya Waarabu wengi, hunyweshwa mwanamke aliyeshikwa na uchungu. Hapo ndipo pa kuhadaika, maadamu Selaginella lepidophylla wa Meksiko nao hujikunja na kukunjuka, ukauzwa kwa sifa zizo hizo. Lakini kama kadhi asivyohukumu kwa shahidi mmoja, mjuzi haridhiki na kukunjuka tu. Ule wa Meksiko hauna ua hata moja, na ukirejea ukijani ni kwa sababu ulikuwa ungali hai. Ilhali katika kaf Maryam hakuna uhai uliorudi, ila nyuzi kavu za vitawi zilizonyonya maji zikatanuka. Jirani yake wa jangwani, Pallenis hierochuntica, naye hufunguka akiloa, lakini maua yake ni ya manjano, ya ukoo wa alizeti. Na kaf Maryam ni wa ukoo wa kabichi, wenye petali nne nyeupe, stameni sita, nne ndefu na mbili fupi, na tunda dogo lenye masikio mawili.

Kisha huulizwa ardhi. Mmea huu hupenda mabonde ya wadi na nyanda za kokoto, mahali ambapo maji ya mvua hutuama kitambo. Huota, hutoa maua na kufa katika msimu mmoja, na mvua ikiwa haba huchanua ukiwa haujapita kimo cha kidole. Ukisha kufa, mizizi yake hubaki imeshika ardhi, na vitawi hukumbatia mbegu miaka na miaka, hata inyeshe mvua ya kuvikunjua, na matone yayapige matunda na kuzirusha mbegu chache chache, zinate udongoni kwa ute wake, karibu na mama yao.

Ajuaye hayo, akiukuta mkavu umesimama, huutazama akauacha papo hapo. Kwani aung'oaye kwenda kuuza huchukua pamoja nao kizazi kizima ambacho hakijapata mvua yake.