Lakabu za Madereva wa Mbio za Magari na Kufifia Kwazo

Lakabu ni hukumu fupi. Jina mtu hupewa na wazazi wake kabla hajatenda neno lolote. Lakabu huja baada ya tendo, nayo hutolewa na watu walioshuhudia. Kwa hiyo mhakiki hana budi kuitazama kama atazamavyo methali au ubeti: ni utungo mdogo, ambao mtunzi wake aghalabu hajulikani, wenye sura, na mara nyingine wenye vina. Mbio za magari zilikuwa shamba lenye rutuba la tungo za namna hii, na katika shamba hilo mavuno sasa yamepungua. Makala haya yakusudia kupima thamani ya baadhi ya lakabu hizo, kisha kuuliza sababu ya upungufu wake.

Tuanze na mashindano makuu ya Ujerumani ya mwaka 1935, yaliyofanyika Nürburgring. Manfred von Brauchitsch aliongoza mpaka mzunguko wa mwisho. Hapo gurudumu lake likapasuka, na Tazio Nuvolari wa Italia, ambaye gari lake lilikuwa dhaifu kuliko magari ya Wajerumani, akapita akashinda. Waitalia walimwita Nuvolari Mantovano Volante, yaani Mmantova Arukaye, kwa kuwa alizaliwa karibu na mji wa Mantova. Wajerumani walimwita Brauchitsch Pechvogel, neno lao kwa mtu mwenye nuksi, ambalo asili yake ni ndege aliyenaswa katika ulimbo. Mmoja aruka, mwingine amenata. Lakabu 2 hizi hazikutungwa ili zijibizane, lakini mbio moja ilizikutanisha zikawa kama mishororo ya ubeti mmoja.

Lakabu njema huona jambo ambalo jicho la haraka halikuliona, au hulisema waziwazi lile ambalo adabu ingelificha. Juan Manuel Fangio wa Argentina, bingwa wa dunia mara 5 kati ya 1951 na 1957, alijulikana kwa wenziwe kama El Chueco, yaani Mwenye Matege. Ubingwa haukumfutia jina hilo. David Pearson wa Marekani, aliyeshinda mbio 105 za daraja la juu za NASCAR, aliitwa Silver Fox, Mbweha wa Fedha: mbweha kwa hila, fedha kwa mvi. Mfasiri wa Kiswahili hapa hupata tabu. Katika hadithi zetu mjanja ni sungura. Lakini akimweka sungura mahali pa mbweha, ile rangi ya fedha haina tena manyoya ya kukalia. Ndiyo dalili ya lakabu iliyotungwa vema: haihamishiki bila kupungua.

Nyingine zilidumu kwa sauti. Bill Elliott, wa mji mdogo wa Dawsonville katika Georgia, aliitwa Awesome Bill from Dawsonville, Bill wa Ajabu wa Dawsonville. Na James Hunt wa Uingereza, kabla ya kuwa bingwa wa dunia mwaka 1976, alidhihakiwa kwa jina la Hunt the Shunt, yaani Hunt wa Migongano. Katika Kiingereza zote 2 zina vina, na kina ndicho kilichozibeba kutoka kinywa hata kinywa. Sifa ya Elliott na kejeli ya Hunt zimefungwa kwa kamba moja.

Hata hivyo, mchunguzi ajihadhari na maana zinazojileta zenyewe. Glenn Roberts wa Marekani, aliyeitwa Fireball, yaani Mpira wa Moto, aliungua vibaya katika ajali ya Charlotte mwezi wa Mei 1964 akafa mwezi wa Julai. Asiyejua historia atasema jina lilimtabiria kifo, au kwamba lilizaliwa katika ajali. Hakuna ukweli katika hayo. Alilipata ujanani, alipokuwa mrushaji hodari wa mpira wa besiboli. Lakabu husomwa kuanzia chanzo chake; haisomwi kuanzia kaburi la mwenyewe.

Mfano wa kwetu wafaa kutazamwa kwa makini zaidi. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho mwaka 1932, alishinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Kwa Kiingereza aliitwa Flying Sikh, Kalasinga Arukaye. Jina hilo lilitoka katika kalibu ile ile ya Nuvolari, na mkimbiaji Milkha Singh wa India aliitwa vivyo hivyo. Kwa Kiswahili aliitwa Simba wa Kenya. Uzuri wa lakabu hii una tabaka 2. Kwanza, Singh maana yake ni simba. Kiswahili, kwa kujua au kwa bahati, kilimrudishia mtu jina lake mwenyewe. (Kufanana kwa sauti za maneno haya kusimdanganye mtu: simba letu ni la asili ya Kibantu.) Pili, uzito wote umo katika neno dogo kuliko yote, wa. Lakabu ya Kiingereza ilimtaja kwa dini yake. Ya Kiswahili ilimtaja kwa nchi. Katika taifa lililopata uhuru mwaka 1963, ambamo Wahindi wengi waliulizwa ni wa wapi, silabi hiyo ilikuwa jibu.

Kwa nini basi lakabu zimefifia? Wako wasemao kwamba madereva wa leo hawana tabia wala ushujaa. Hoja hiyo ni nyepesi, kwani ushujaa haujakoma. Kilichobadilika ni kazi ya neno. Zamani msomaji wa gazeti na msikilizaji wa redio hawakumwona dereva. Ilipasa neno limchore. Leo kamera imo ndani ya gari, na kwenye kioo cha televisheni mtu hufupishwa kwa herufi 3: Hamilton ni HAM, Verstappen ni VER. Tangu 2014 madereva wa Formula One hujichagulia namba za kudumu, nazo huchapwa kwenye kofia za kuuzwa. Alama ambayo mtu amejichagulia ni tangazo. Haiwezi kuwa ushuhuda wa wengine juu yake.

Na zile lakabu zinazozaliwa bado, nyingi huazimwa. Verstappen aliitwa Mad Max kwa sinema ya 1979, na Kyle Busch aliitwa Rowdy kwa mhusika wa sinema ya 1990. Ile ya kwanza ingemfaa kila Max mwenye hasira. El Chueco haikumfaa mtu ila miguu ile.

Kwa upande wetu iko kazi isiyongoja. Safari ilianza mwaka 1953, na waliosimama kando ya barabara zake miaka ya mwanzo ni wazee sasa. Majina waliyowapa madereva na magari kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine za nchi yapasa yakusanywe, kila moja pamoja na sababu yake. Lakabu iliyopoteza sababu ni sauti tupu, na kifo cha Roberts kimeonyesha jinsi sauti tupu inavyojazwa uongo upesi.